Uongo Mwema, Nani Anaulipia?

Ndugu msomaji, hasa wewe uliyewahi kubishana na mwenzako juu ya muvi mpaka chai ikapoa, leo nataka tukae na filamu moja tu. Inaitwa The Good Lie, yaani uongo mwema. Ilitoka mwaka 2014, mwongozaji wake ni Philippe Falardeau kutoka Kanada, na inasimulia habari za watoto wa Sudan waliokimbia vita kwa miguu, wakafika Kakuma, wakakulia hapa, halafu wakachukuliwa kwenda Marekani. Hapa Kakuma wengi wameiona na wengine wameirudia, maana si kila siku utasikia jina la kambi yako likitajwa ndani ya filamu ya Hollywood.

Hivi karibuni tumeiangalia tena, majirani wa mataifa tofauti, kwenye kompyuta moja na spika ya kuazima. Filamu yenyewe inachukua karibu masaa mawili. Mabishano yalichukua siku tatu. Yalianzia pale tulipokaa, yakahamia bombani, yakatufuata mpaka kwenye foleni ya chakula. Naandika kwa sababu ndani ya mabishano hayo kulikuwa na swali ambalo hapa kambini tunaliogopa kuliuliza wazi wazi: je, kuna uongo ambao ni mwema? Na kama upo, mtu ataujuaje kabla hajafungua mdomo?

Kwa ambaye hajaiona filamu, nieleze kwa kifupi. Kijiji kinashambuliwa, wazazi wanauawa, watoto wanabaki peke yao. Theo ndiye mkubwa, kwa hiyo anakuwa kiongozi. Wanatembea siku nyingi, wengine wanafia njiani. Siku moja wamejificha ndani ya nyasi ndefu, na askari wanaona kitu kimetikisika. Theo anasimama. Anawaonyesha askari kwamba yuko peke yake. Wanamchukua, wanaondoka, na wadogo zake wanapona.

Miaka inapita. Mamere, mdogo wake Theo, pamoja na dada yao Abital na wenzao Jeremiah na Paul, wanapata nafasi ya kwenda Marekani. Wakifika, Abital anatenganishwa nao, anapelekwa Boston. Wanaume wanapelekwa Kansas City. Mamere anafanya kazi na kusoma, nia yake awe daktari. Kisha anasikia kwamba huenda Theo yuko hai. Anarudi Kenya kumtafuta, anampata, anahangaika kumtafutia karatasi. Milango imefungwa, maana ni baada ya tarehe 11 Septemba 2001, wakati Marekani ilipobana sana kuingia kwa wageni. Mwishowe Mamere anamkabidhi kaka yake hati yake mwenyewe ya kusafiria. Theo anapanda ndege kwa jina la Mamere. Mamere anabaki kambini, anahudumia wagonjwa.

Kwa hiyo filamu ina uongo wa aina mbili, na nilishangaa kuona jinsi watu walivyoupokea kila mmoja.

Uongo wa kwanza, ule wa kwenye nyasi, hakuna hata mtu mmoja aliyeulaumu. Kulikuwa na Wakristo, kulikuwa na Waislamu, kulikuwa na watu ambao hawakubaliani hata juu ya bei ya nyanya. Wote walinyamaza Theo aliposimama. Mmoja alisema tu, "Huyo ni mwanamume," na ikaisha hapo.

Uongo wa pili ndio uliozua vita. Mama mmoja Mkongomani alisema, "Miye nasema huyo kijana iko na mapendo. Kaka yake alimupa maisha, na yeye anamurudishia. Uongo iko wapi hapo?" Kijana mmoja Msomali akamjibu kwa heshima lakini bila kurudi nyuma: "Mama, mimi naona amekosea hesabu, wallahi. Mtu ako Amerika, anasoma, anarudi kukaa kwa vumbi? Angebaki huko, atume pesa, asaidie watu kumi." Mzee wa Sudan Kusini, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, akamwambia, "Mwanangu, wewe unahesabu pesa. Yeye alikuwa anahesabu deni."

Halafu mwalimu mmoja Mrundi akaweka neno lililotufunga midomo kidogo. Alisema amri ya Mungu inakataza kushuhudia uongo, na haikuongeza kwamba unaruhusiwa kama unampenda kaka yako. Mwenzake wa kanisa hilo hilo akamkumbusha wakunga wawili wa Misri, Shifra na Pua, waliomdanganya Farao ili watoto wa Kiebrania wasiuawe, na Biblia inasema Mungu akawatendea mema. Jirani Mwislamu naye akaeleza kwamba katika mafundisho yao kuna hali chache ambapo neno lisilo kweli linaruhusiwa, kwa mfano kupatanisha watu waliogombana. Hivyo hata vitabu vyenyewe, ukivisoma kwa pupa, utapata kila mtu na aya yake.

Sasa nitoe langu, kwa utaratibu.

Kwanza, kwa nini tunaweza kubishana hivi juu ya Mamere? Kwa sababu Mamere hayuko. Ukisema Mamere amedanganya, hakuna faili la mtu litakalofungwa kesho. Hapa kambini kila mtu ana kesi yake ofisini, na kesi ya mtu haizungumzwi ovyo. Jirani yako anaweza kukaa na wewe miaka minane, mkala sahani moja, na usijue alieleza nini kwenye intavyuu yake. Ni busara, na pia ni hofu. Filamu inatupa mtu wa kuazima. Tunaweka swali letu juu ya kichwa chake, tunalizunguka, tunaliangalia vizuri. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba watu wa kambi wanapoteza muda wao kubishana juu ya muvi, nawaomba wasikilize vizuri kinachobishaniwa.

Pili, tujiulize kwa nini uongo wa Theo haukumchoma mtu. Mimi naona sababu tatu. Ya kwanza, askari wale hawakuwa na haki ya kuambiwa ukweli. Walikuwa wanatafuta watoto wa kuua au kuteka. Ukweli ni deni, na mwenye kisu shingoni mwa mtoto hatudai kitu. Ya pili, aliyelipa gharama ya uongo ule ni Theo mwenyewe. Hakuna mtu mwingine aliyepigwa kwa ajili yake. Ya tatu, uongo ule Theo angeweza kuusimulia mbele ya watu wote, miaka yote baadaye, bila kuinamisha kichwa. Wadogo zake wangelia, lakini hakuna ambaye angesema, "Kumbe ulituibia."

Mwanafalsafa mmoja wa Ujerumani, Immanuel Kant, aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akija mlangoni kuuliza rafiki yako amejificha wapi, bado huna ruhusa ya kudanganya. Hoja yake ni kwamba kila uongo unaharibu uaminifu ambao binadamu wote wanautegemea wanaposemezana. Nilipoeleza hayo kwa wenzangu walicheka. Mmoja akauliza, "Huyo mzee aliwahi kukimbia?" Ni swali la haki. Lakini tusimtupe Kant haraka, kwa sababu nusu ya hoja yake tutaihitaji mbele. Amekosea juu ya muuaji mlangoni. Juu ya uaminifu unaoharibika, hakukosea.

Sasa tufike kwa Mamere. Tumpime kwa vipimo vile vile vitatu. Aliyedanganywa ni nani? Ni afisa wa uwanja wa ndege, na nyuma yake nchi iliyompokea Mamere na kumpa karatasi. Afisa yule si muuaji. Wala si ndugu. Ni mtu wa katikati: ana sheria, ana mashaka, ana mshahara, na pengine ana huruma ambayo sheria haimruhusu kuitumia. Hapa ndipo hadithi za Farao na za askari zinapokoma kutusaidia. Maisha yetu mengi kambini tunayaishi mbele ya watu wa katikati.

Aliyelipa ni nani? Kwa sehemu kubwa ni Mamere mwenyewe. Aliacha masomo, aliacha dada yake, aliacha nchi yenye amani. Hapo mama wa Kikongomani alikuwa sahihi. Lakini Theo naye analipa, na filamu haikukaa kutuonyesha. Atajibu jina la mdogo wake kila siku. Akiugua, akioa, akizikwa, ni Mamere. Na Mamere hakumweleza mpango wote mpaka wako uwanja wa ndege, ambapo ni vigumu mtu kukataa. Theo kwenye nyasi alichagua mwenyewe. Theo kwenye uwanja wa ndege alichaguliwa. Mimi hilo linanisumbua kuliko hati yenyewe.

Filamu inaisha, watu wanafuta machozi, mwenye kompyuta anaifunga. Maisha hayana mahali pa kufunga hivyo. Tena siku hizi vidole vyetu na macho yetu yako ndani ya mashine, kwa hiyo hata kama wewe na ndugu yako mnafanana kama shilingi kwa ya pili, mlango ule alioupita Theo haupo tena. Hati huwezi kuazima. Kinachoazimwa sasa ni kitu kingine. Ni hadithi.

Hapa niende pole pole, kwa sababu najua gazeti hili linasomwa na wakazi na pia wafanyakazi wa mashirika, na neno moja linaweza kusikika tofauti kwa kila upande.

Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilianza kuwapima DNA wakimbizi walioomba kuungana na jamaa zao waliokwisha fika huko. Ilianza Nairobi, ikaendelea katika nchi nyingine za Afrika. Familia nyingi hazikulingana kwa damu na zilivyoandikwa kwenye fomu, na wengine wengi hawakukubali kupimwa au hawakutokea. Mwaka huo huo mpango ukasimamishwa. Haukufunguliwa tena hadi 2012, na kipimo kikawa sharti. Kwa miaka hiyo minne, baba aliyesema kweli alikaa nje ya mlango sawasawa na aliyedanganya. Hapo ndipo ninapomkumbuka Kant. Uongo wa watu fulani uliharibu neno la watu wote, hata wale ambao hawakuwahi kuonana nao.

Lakini ngoja kwanza. Je, wote wale walidanganya?

Chukua mwanamke ambaye dada yake aliuawa, akawachukua watoto wawili wa marehemu, akawabeba, akavuka nao mpaka. Kwa Kiswahili yeye ni mama yao mdogo. Wale watoto wanamwita mama. Akiulizwa, "Huyu ni nani?" atasema, "Ni mtoto wangu." Hajadanganya. Lugha yetu imekwisha mpa cheo hicho, na kazi ya cheo hicho ameifanya kwa miguu yake. Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, na mimi kwake ni baba, mkubwa au mdogo. Neno hilo likiingia kwa mkalimani likatokea upande wa pili kwa Kiingereza, limekuwa madai ya damu. Njiani, bila mtu kukusudia, ukweli umegeuka uongo.

Kwenye kibanda cha video tumezoea tafsiri ya namna nyingine. Unajua jinsi DJ Afro anavyosimulia filamu za nje kwa Kiswahili: anaongeza, anachekesha, Mchina anakuwa kama kijana wa mtaani Nairobi, na sisi tunafurahi kwa sababu tunajua ni mchezo. Hakuna anayepoteza kitu. Kwenye chumba cha intavyuu mkalimani akiongeza neno moja, au akipunguza, familia nzima inaweza kulipa. Kwa hiyo kabla hatujasema wakimbizi ni waongo, tuulize kwanza swali liliulizwa kwa lugha ya nani, na neno "familia" lilimaanisha nini kwa aliyeuliza na kwa aliyejibu. Kutofautiana kwa maneno si kudanganya. Dawa yake ni kueleza: nilimlea, simkuzaa, mama yake alikufa mahali fulani. Hilo ni sentensi moja. Lakini mtu atalisema tu akiamini kwamba akilisema, mtoto hatang'olewa mikononi mwake.

Ukiondoa hao, bado wanabaki wale ambao kweli wanaazima hadithi, na sitajifanya hawapo. Kila mtu hapa amesikia kwamba kuna masimulizi "yenye nguvu" na masimulizi "dhaifu". Ati ukisema njaa peke yake, kesi haiendi. Ati ukisema fulani na fulani, kesi inakimbia. Basi mtu ambaye ana mateso yake halisi, lakini ya kawaida, anaona aibu na mateso yake. Anayaweka chini, anachukua ya jirani.

Katika mabishano yetu, siku ya pili, mwanamke mmoja ambaye hakuwa amesema kitu alizungumza. Sitataja atokako. Alisema, "Nyinyi mnasema uongo haumdhuru mtu. Mimi niliyoyapata niliyapata. Siku nilipoenda kuyaeleza, yule anayeniandika hakuniangalia. Aliandika tu, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. Baadaye nikafahamu kwamba watu watano wameyasema hayo hayo kabla yangu. Mmoja nilimweleza mimi mwenyewe, usiku, kwa sababu nilidhani ni rafiki."

Hakuna aliyemjibu. Yule kijana wa Kisomali, ambaye huwa ana jibu la kila kitu, aliangalia chini.

Maneno yake ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa sababu yanatenganisha uongo wa Theo na huu wa kwetu kuliko aya yoyote. Sisi tukiazima hadithi tunadhani tunaichukua kwa ofisi, na ofisi ni kubwa, haitaumia. Lakini ofisi haina hadithi. Tunachukua kwa jirani. Theo alisema uongo akaulipa kwa mwili wake. Anayeazima mateso ya mwingine anasema uongo, na bili inapelekwa kwa mwenye mateso. Siku yeye mwenye kovu anapofika mbele ya meza, kovu lake limeshachakaa kwa kutumiwa na wengine.

Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi. Kwa hadithi ya kuazima, njia inaweza kuwa ndefu hata ikamfikisha mwongo Ulaya. Anayefika haraka ukingoni ni yule aliyemwachia nyuma.

Na tusidhani tabia hii ni ya wakimbizi peke yao. Ajabu ni kwamba filamu tunayoizungumzia imewahi kushtakiwa kwa jambo linalofanana. Mwaka 2015, wakimbizi 54 wa Sudan wanaoishi Marekani walifungua kesi wakidai kwamba walihojiwa juu ya maisha yao, yakatumika kutengeneza filamu, na wao hawakutambuliwa kama wenye haki ndani yake. Waliotengeneza filamu walipinga madai hayo. Sina haja ya kuwa hakimu. Ninachosema ni kwamba swali la nani mwenye hadithi linawahusu wenye kamera kama linavyotuhusu sisi.

Angalia pia tangazo la filamu hiyo. Uso mkubwa ni wa Reese Witherspoon, nyota wa Marekani, wakati ndani ya filamu yenyewe anaonekana baada ya sehemu nzuri ya hadithi kupita, na habari yenyewe ni ya Mamere na wenzake. Filamu ilipigwa Afrika Kusini na jimbo la Georgia huko Marekani, kwa hiyo vumbi unaloliona si la Turkana. Wauzaji wangekwambia ni uongo mwema: bila uso ule, watu wasingeingia kuangalia. Huenda ni kweli. Lakini umeona jinsi sababu yao inavyofanana na ya mtu wetu wa intavyuu? "Bila kuongeza chumvi kidogo, mlango haufunguki."

Kwa upande mwingine, ni haki kusema kilicho chema. Ger Duany aliyeigiza Jeremiah, na Emmanuel Jal aliyeigiza Paul, wote wawili walikuwa askari watoto katika vita vya Sudan kabla ya kuwa waigizaji. Walisema maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine, kwa majina ambayo si yao, mbele ya nyumba zilizojengwa kwa ajili ya kamera. Hata hivyo tunapowaangalia, hatuhisi tumedanganywa. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu anajua kuwa ni filamu, na waliobeba maumivu yale wamekubali kuyabeba tena kwa hiari yao. Hadithi inaweza kubadilishwa majina na mahali, ikabaki kweli, kama mwenyewe amekubali na msikilizaji anajua anachosikiliza. Vitu hivyo viwili vikikosekana, hata hadithi isiyobadilishwa neno inakuwa wizi.

Sasa niwageukie ndugu zetu wa mashirika, bila ugomvi. Katika mwaka mmoja, wakimbizi wanaopelekwa nchi ya tatu ni chini ya asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani. Mlango ni mwembamba kiasi hicho. Mlango mwembamba ukiwa na mlinzi anayefungulia wenye jeraha kubwa zaidi, watu wataanza kupima majeraha, na wengine watajichora. Sisemi mmetaka iwe hivyo. Nasema mtu anayeuliza maswali ana sehemu yake katika majibu anayoyapata. Ukimwuliza mama swali lile lile mara sita, kwa watu sita, miaka sita, na safari ya sita akakosea tarehe, usiharakishe kuandika kwamba hadithi yake haiaminiki. Jaribu wewe kukumbuka tarehe ya siku mbaya kuliko zote maishani mwako, halafu uieleze kwa mtu anayeangalia saa.

Na nyinyi pia mna uongo wenu mwema. Mnatuambia "tutarudi kwenu" wakati mnajua mkataba wenu unaisha mwezi ujao. Mnasema "kesi yako inashughulikiwa" kwa sababu hamtaki kumvunja mtu moyo. Mnapiga picha ya mtoto anayecheka, au anayelia, kulingana na anayetoa pesa anataka nini. Kila kimoja kina nia nzuri ndani yake. Kipimeni kwa vipimo vile vile: anayedanganywa ana haki ya ukweli? Anayelipa ni nani? Mnaweza kutusimulia baadaye, tukiwa tumekaa pamoja, bila kuinamisha kichwa? Mtu anayesubiri miaka mitano kwa sababu ya neno "karibu" amelipia uongo ambao si wake.

Basi msimamo wangu ni upi? Naamini uongo mwema upo, lakini ni nadra sana, na una masharti magumu. Unasemwa kwa mtu anayetafuta damu. Aliyeusema anaulipia mwenyewe. Na hauchukui kitu cha mtu ambaye hakuulizwa. Theo anapita vipimo vyote. Mamere anapita kimoja na nusu. Nampenda, ningetaka awe ndugu yangu, lakini ningetamani amwambie Theo mapema, ili Theo naye achague. Anayeazima mateso ya jirani hapiti hata kimoja, hata kama nyumbani ana watoto wenye njaa. Njaa yake ni kweli. Angeileta hiyo.

Msomaji ataniuliza: na kama ukweli wangu ni dhaifu, nife nao? Swali hilo sitalikimbia. Kati ya ukweli na uongo kuna kitu cha tatu, nacho ni kunyamaza. Una haki ya kusema "hilo sitaki kulieleza." Una haki ya kusema "sikumbuki," kama hukumbuki. Una haki ya kuomba mkalimani mwingine, au mwanamke mwenzako, au muda wa kunywa maji. Kunyamaza si kudanganya. Huchukui cha mtu, na heshima yako unabaki nayo. Sijui kama kesi yako itaenda haraka. Siwezi kukuahidi, maana hiyo nayo ingekuwa uongo mwema. Ninachojua ni kwamba utakaa barazani na jirani yako jioni, na hutakuwa umekalia kitu chake.

Na wewe uliyeambiwa siri ya mtu usiku, kwa sababu alidhani wewe ni rafiki, iache hapo ilipowekwa. Katika kambi ambayo nyumba zetu hazina hata kitasa cha kufunga vizuri, hadithi ya mtu ndiyo mali pekee ambayo hakulazimika kuiacha alipokimbia.

Yule kijana wa Kisomali bado anasema Mamere alikosea hesabu. Mama wa Kikongomani bado anasema ni mapendo. Mwalimu Mrundi anasema atatuletea aya nyingine. Wiki ijayo tunatafuta filamu nyepesi zaidi, ya kucheka tu, ingawa najua watu hawa watapata cha kubishania hata humo. Kama wewe una kipimo cha nne ambacho mimi sikukiona, kiandike, ukilete kwa ajili ya toleo lijalo. Andika kwa jina lako au bila jina, lakini iwe ni hadithi yako.